Pesa ya Ujerumani, hesabu ya Tukuyu

Mwongozo huu ni wa wadogo zangu wa Tukuyu, Uyole, Njombe na Iringa ambao saa hizi wanahangaika na Kijerumani cha ngazi ya B1 na B2 ili waende kusomea uuguzi kule, yale mafunzo yenye malipo yanayoitwa Ausbildung. Mimi ni binti wa Rungwe, mzaliwa wa kwanza, wazazi wangu wana chai kidogo, migomba na ng'ombe wa maziwa. Kazi yangu ni kuhudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee mjini Leipzig. Habari za visa, mitihani na baridi utazipata kwa wengine. Mimi nataka kukuelekeza namna ya kuishi na pesa yako ukishafika, maana ukivuka tu, macho unayoitazamia pesa yanabadilika. Usipojua yanabadilikaje, utagombana na benki ya huko au utagombana na ukoo wako.

Nyumbani pesa hupimwa kwa jambo. Laki moja kwa mama yangu ni rambirambi, au ni godoro na nauli ya mtoto anayekwenda bweni, au ni mbolea ya viazi. Inafika tayari ina jina. Tena inakuja kwa mwendo tofauti tofauti: maziwa yanaleta hela ndogo ndogo, majani ya chai yanalipa kwa mwezi kufuatana na kilo, parachichi linalipa msimu, na katikati ya hapo watu wanaishi kwa kukopeshana. Ujerumani pesa hupimwa kwa saa na kwa mwezi. Umefanya kazi saa kadhaa, umelipwa euro kadhaa, na ikifika tarehe yake kodi ya nyumba na bima vinajikata bila kuuliza nani amefiwa. Vipimo vyote viwili vina akili yake. Shida inaanza pale unapopima msiba kwa saa, au unapopima kodi ya nyumba kwa jambo.

Kabla hujapanda basi la Dar

Safari yako hutailipia peke yako. Kuna kozi ya lugha, mtihani, tafsiri za vyeti, visa ya muda mrefu ambayo ada yake ni euro 75, nauli ya ndege, na zile nauli za kwenda Dar es Salaam na kurudi kila unapoitwa ubalozini. Baba atauza ndama. Shangazi atatoa hela ya viazi. Usharika utakuchangia baada ya ibada. Kila aliyetoa ana wazo lake kichwani kuhusu alichotoa: mmoja ametoa sadaka, mwingine amekopesha, na mwingine amenunua hisa ndani yako ila hajakuambia.

Kwa hiyo nunua daftari. Kaa na mama au mtu mzima mwingine mwenye kumbukumbu nzuri, pitieni jina kwa jina, kisha nenda kwa kila mmoja ukaulize kwa adabu: "Baba mdogo, hii laki tatu niiandike kama deni au kama baraka?" Uliza ukiwa umekaa chini, mbele ya mama mdogo, usiulize kwa simu. Wengi watacheka na kusema baraka. Wanaosema deni, andika kiasi na mwezi wa kuanza kurudisha, na mwezi huo usiwe ndani ya nusu mwaka wa kwanza. Sababu ni kwamba ukifika kuna dhamana ya nyumba, ambayo mwenye nyumba anaruhusiwa kudai mpaka kodi ya miezi 3 (bila gharama za joto na maji). Sheria inakuruhusu kuilipa kwa awamu 3, na si kila mwenye nyumba atakukumbusha. Hapo hujanunua koti.

Wa kuangalia sana ni yule anayesema, "Nenda mwanangu, utatukumbuka." Huyo ndiye mwenye hisa. Mwandike naye. Mshahara wa kwanza ukitoka, mtumie kitu kidogo chenye jina: "Shangazi, hii ni ya sukari ya kikao chenu cha Jumapili." Akishapata hicho kidogo mapema na mbele za watu, atakusubiri kwa utulivu kuliko aliyeahidiwa kikubwa.

Acha kugeuza kila kitu kuwa shilingi

Miezi ya kwanza kila mtu hufanya hesabu ileile. Mkate wa euro 4 unakuwa shilingi 11,200. (Nachukua euro moja kwa 2,800 ili hesabu iwe nyepesi, wewe angalia kiwango cha siku.) Chai ya kikombe kimoja mgahawani inakuwa mlo wa familia Kiwira. Matokeo yake unashinda njaa huku una pesa. Kuna vijana wanakula tambi kavu wiki nzima ili watume zaidi, halafu wanakosa nguvu ya kumgeuza mgonjwa kitandani.

Weka mpaka. Chakula, usafiri, nguo za baridi na dawa havigeuzwi kuwa shilingi. Kinachogeuzwa ni kile kinachokwenda nyumbani tu, kwa sababu huko ndiko kitakakonunua kitu.

Ndizi ndizo zitakazokuumiza kuliko vyote, nakuonya mapema. Mtu aliyekulia migombani anasimama dukani anapimiwa ndizi nne kwenye mizani, zimetoka Ecuador, hazina harufu wala utamu. Nunua, kula, endelea na safari. Na parachichi moja dukani huku mara nyingi bei yake inapita ile wanayomlipa mkulima wa Rungwe kwa kilo nzima. Usimpigie baba simu kumweleza hilo kama hujamweleza pia habari ya vyumba baridi, meli, ukaguzi na faida ya duka, maana ataamini mnunuzi wake ni mwizi na msimu ujao hatamuuzia.

Isome karatasi ya mshahara pamoja na mtu wa nyumbani

Chukua mfano wa mwanafunzi wa uuguzi anayelipwa euro 1,300 kwa mwezi. Nyumbani wataisikia hivi: shilingi milioni tatu, laki sita na elfu arobaini. Kabla hujakata simu ukoo umeshaijengea ghorofa.

Lakini hiyo ni brutto, yaani kabla ya makato. Michango ya pensheni ni asilimia 18.6, nusu unakatwa wewe na nusu analipa mwajiri. (Mjomba wangu aliyewahi kuajiriwa aliielewa hii haraka, kwa sababu NSSF nayo ni asilimia 20 na mwajiri na mfanyakazi wanachangia wote.) Bima ya afya, bima ya kukosa kazi na bima ya kutunzwa uzeeni zinakatwa kwa mtindo huohuo wa kugawana. Kwa jumla unapungukiwa na zaidi kidogo ya sehemu moja kwa tano, unabaki na kama 1,015, ndiyo netto. Sasa shuka nayo. Chumba katika nyumba mnayoishi watu watatu, pamoja na joto na maji, tuseme 380. Chakula 200. Tiketi ya mwezi ya mabasi, tramu na treni za mikoani kwa nchi nzima ilikuwa 58 mwaka 2025. Simu 15. Kuna ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni au usiwe nayo. Mkigawana watatu ni kama 6. Zimebaki 356, na bado hujagusa viatu vya theluji, sabuni, wala akiba ya nauli ya kuja nyumbani.

Mwanafunzi anayetuma 100 hadi 120 kila mwezi bila kukopa anajitahidi sana. Ni shilingi 280,000 mpaka 336,000. Kwa mama wa kijijini ni msaada mkubwa, lakini ziko mbali mno na zile milioni tatu.

Wengi watakushauri ufiche mshahara. Mimi nina ushauri mwingine: chagua mtu mmoja mwenye kauli ndani ya ukoo, anayejua kutunza siri na asiyekuwa na shida ya haraka, umsomee karatasi hiyo kwa simu ya video mstari kwa mstari, kama nilivyofanya na mjomba. Kikao cha ukoo kikikaa na mtu akasema "yule wa Ulaya atatoa milioni," yupo wa kuinua mkono na kusema, "Hapana, nimeiona, haipo." Maneno hayo yakitoka kwake ni hekima ya mzee. Yakitoka kwako ni uchoyo.

Jambo moja kwa Wakristo. Ukienda kuandikisha makazi utaulizwa dini. Ukijiandika Mlutheri au Mkatoliki, utakatwa kodi ya kanisa: asilimia 9 ya kodi yako ya mapato (asilimia 8 Bavaria na Baden-Württemberg). Angalia vizuri, ni asilimia ya kodi, haihesabiwi kwa mshahara wote. Ndiyo maana mwanafunzi ambaye kipato chake hakijafikia kulipa kodi ya mapato hakatwi kitu. Inakuja kumshtua akishahitimu. Mimi ni wa Dayosisi ya Konde, nailipa na sina ugomvi nayo, ila sikufichi kwamba inabadilisha hali ya kutoa. Kwetu mkungu wa ndizi unanadiwa baada ya ibada, mtu anaununua kwa bei isiyo na maana, anaurudisha unadiwe tena, watu wanacheka na kupiga vigelegele. Huku sadaka yako ni mstari kwenye karatasi. Kama bado una bahasha ya ahadi usharikani kwako, mweleze mchungaji wako kwamba unakatwa huku pia, mpange upya kiasi.

Na barua. Madai ya Ujerumani bado yanapenda kuja kwa karatasi kwenye sanduku la mlangoni. Fungua kila barua siku hiyohiyo hata kama hujui Kijerumani chake, uliza mwenzako. Deni usilolijibu linaongezewa gharama.

Hesabu ya saa ibaki dukani

Haya ndiyo mabadiliko makubwa, na yanakuja taratibu. Kima cha chini cha mshahara Ujerumani mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Ukishalijua hilo, huwezi tena kuiona euro 100 kama noti tu. Unaona karibu saa 8 za kusimama, kuinua watu, kubadilisha mashuka, na hapo bado makato. Hesabu hiyo itumie dukani. Simu mpya ya euro 600 iulize: ni zamu ngapi? Mara nyingi utairudisha rafuni. Wenzangu Wajerumani wana nidhamu ya aina hiyo na nimejifunza mengi kwao: risiti zinatunzwa, tiketi za ndege zinanunuliwa miezi kabla, chupa tupu zinarudishwa dukani. Usione haya kurudisha chupa. Ile ya plastiki ya kutumika mara moja ina senti 25, ni shilingi 700, na daktari naye utamkuta kwenye foleni ya mashine akiwa na mfuko wake.

Wakitoka kula, kila mtu analipa chake mpaka senti. Mwanzoni utaona ukatili. Baadaye utaona raha, na hapo ndipo uwe mwangalifu, kwa sababu raha hiyo ukija nayo Rungwe ni balaa. Mgeni akifika kwenu, ukaanza kuhesabu chai uliyompa imekugharimu dakika ngapi, umeharibika. Baba mkubwa akiomba elfu ishirini ya dawa, usimwambie ni nusu saa ya kazi yako, ingawa kweli ni zaidi ya nusu saa. Yeye ametumia miaka kukulea na hakukupelekea ankara.

Simu zinapoanza kulia

Ujerumani mtu akisema "hapana, sina" ameeleweka, na kesho mnasalimiana kama kawaida. Kwetu neno hilo likitolewa kavu kwa mama mdogo linakaa mwaka mzima. Na lile letu la "nitaangalia" nalo ni hatari, maana ukilisema ukiwa Leipzig linahesabiwa kuwa ahadi. Njia inayofanya kazi ni kuchukua kipande cha jambo, ukakipa jina na tarehe, na kinachobaki ukakiacha wazi kwa wengine. Hivi (kwa Kinyakyusa "ugonile" ni salamu, "ndaga" ni asante, "ndaga fijo" ni asante sana):

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Ugonile?"

"Ndaga, mama. Baba mdogo hajambo? Mvua imepungua?"

"Hatujambo, inanyesha tu. Sasa mwanangu, mdogo wako amepangiwa kidato cha tano Iringa. Wanataka godoro, tranka, sare, na bado nauli."

"Hongera kwake. Godoro niachie mimi, tarehe 3 nitamlipa mwenye duka moja kwa moja. Tranka na sare muone na kaka na shangazi."

"Ndaga fijo, mwanangu."

Hukukataa, hukujitwisha mzigo wote, na jambo limebaki la ukoo. Salamu usiziruke hata kama unakimbilia zamu. Anayeruka salamu huyo ndiye anayeambiwa pesa imemlewesha.

Misiba iweke kwenye fungu lake. Sisi Wanyakyusa msiba wetu unakusanya watu na unalisha watu, kila mtu anajua, na haungoji mwisho wa mwezi. Fungua akaunti ndogo ya pembeni, agiza benki ihamishie humo euro 20 au 30 kila mwezi siku mshahara unapoingia. Kisha jiwekee ngazi: mzazi na ndugu wa tumbo moja ni kiasi hiki, baba wakubwa na mama wadogo kiasi hiki, majirani na wana usharika kiasi hiki. Kinachosaidia zaidi kuliko ukubwa ni wakati. Rambirambi huandikwa kwenye daftari, na majina husomwa. Elfu ishirini iliyofika kabla daftari halijafungwa ina uzito kuliko laki iliyofika watu wameshatawanyika. Itume kwa yule anayeshika daftari, umtumie na ujumbe wenye jina lako na la baba yako, usiipitishe kwa ndugu ambaye atasema "nilichanganya na yangu."

Kwenye kutuma, gharama zimejificha sehemu tatu. Kuna ada ya kutuma, inayoonekana. Kuna kiwango cha kubadilishia, ambacho kampuni inakushushia kimyakimya. Kilinganishe na kiwango kinachotangazwa na Benki Kuu siku hiyo. Na kuna ada ya kutolea, ambayo mama anakatwa kwa wakala Tukuyu mjini. Umoja wa Mataifa umejiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 gharama ya kutuma fedha nyumbani iwe chini ya asilimia 3. Wewe ukikuta unalipa 7 au 8, hama. Tuma mara moja kwa mwezi badala ya mara tano ndogo ndogo, na ya kutolea iongeze juu kabisa, ili ukisema elfu hamsini mama ashike elfu hamsini mkononi.

Kuhusu mama nina wazo ambalo wenzangu huku wamelipenda. Badala ya kumtumia hela ya sabuni kila anapoishiwa, mnunulie hisa kwenye VICOBA chake. Vikundi vingi vinaruhusu hisa kadhaa kwa kila kikao, na mwanachama anakopa kulingana na alichoweka, mara nyingi hadi mara tatu yake. Mama mwenye hisa za kutosha anakopa mwenyewe kwa ajili ya mbolea au mtamba, anarejesha mwenyewe kwa maziwa, na mzunguko ukivunjwa mwisho wa mwaka anagawiwa chake. Anakaa kwenye kikao akiwa mtu mwenye sauti. Simu zake kwako zitabadilika, zitakuwa za kukueleza kikundi kimeamua nini.

Kujenga ukiwa mbali

Utataka kujenga, hakuna anayetoka kwetu akaacha. Fuata majira. Tukuyu ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini, inapita milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo pesa ya kufyatua na kuchoma tofali itume ili ikute kiangazi, Juni mpaka Oktoba. Ukiituma Februari kwa sababu tu umepata fedha ya ziada, tofali zitayeyuka na fundi atakuambia ukweli, na bado utamwita mwongo.

Vifaa vilipie dukani. Saruji, nondo, bati, misumari: ongea na mwenye duka la vifaa, akuandikie ankara, umlipe yeye, halafu fundi achukue kwa kusaini. Mbao za Mafinga vivyo hivyo, lipa zikiwa zimeshahesabiwa. Fundi mlipe kwa hatua: msingi, boma, kenchi, kuezeka, na kila hatua ikaguliwe kabla ya malipo ya inayofuata.

Na msimamizi mlipe. Hapa watu wengi wa nje wanakosea. Wanamwachia kaka kazi ya mwaka mzima bure kwa kuwa ni damu yao, naye kaka ana watoto, ana shamba lake, kila siku anaacha palizi akimbie saiti. Asiyelipwa atajilipa, na ukifika ujenzini utakuta mifuko ya saruji haitoshi hesabu. Mpe kiasi kinachojulikana kila mwezi ujenzi unapoendelea, kiandikwe. Kama unaona aibu kumlipa kaka yako, basi tafuta mtu asiye ndugu, utaokoa nyumba na undugu.

Kiwanja chenyewe usinunue kwa picha. Mzazi au mjomba atembee mipaka na majirani wote, mwenyekiti awepo, mashahidi wa pande zote wasaini, na kama ni ardhi ya kijiji ulizia hati ya hakimiliki ya kimila.

Ukija likizo

Sasa geuza kanuni ya ndizi: ukiwa nyumbani, shilingi usizigeuze kuwa euro. Mama anayeuza ndizi Kiwira akitaja elfu nane, wewe ukaona ni euro 3 na ukamtupia elfu ishirini "chenji weka," umejisikia vizuri wewe, lakini kesho mdogo wako akipita atatajiwa kumi na tano kwa kuwa uso wenu unafanana. Lipa bei ya mahali. Punguziwa kidogo kama kawaida, tena kwa utani. Ukitaka kumsaidia mtu, msaidie kando ya biashara.

Bajeti ya likizo igawe kabla hujapanda ndege. Fungu la kwanza ni la siku tatu za mwanzo, wageni watakapokuwa wanamiminika: sukari, mchele wa Kyela, mafuta, soda, nyama. Fungu la pili ni vitenge na zawadi za wazee, na hapa orodha iandike na mama, yeye anajua nani akisahauliwa nyumba itawaka moto. Fungu la tatu ni dharura. La nne ni lako, la kwenda kupumzika Matema ufukweni mwa ziwa ukae bila mtu kukuomba kitu, na usilifute. Nauli ya kurudi Dar na ya kufikia zamu ya kwanza Leipzig iache kwenye akaunti ya Ujerumani, isitembee nawe.

Usiseme "kwetu kule" ukimaanisha Ujerumani. Utajisikia ukitaka kulisema kila umeme ukikatika.

Mwisho kuna suala la pasipoti, na nimeliweka hapa kwa kuwa linagusa kiwanja nilichokueleza. Tangu tarehe 27 Juni 2024 Ujerumani inaruhusu mtu kuomba uraia wake bila kuacha uraia wa alikotoka. Watu wamefurahi sana. Lakini Tanzania haijaruhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima. Ukichukua wa Ujerumani, wa Tanzania unaupoteza. Na Sheria ya Ardhi ya 1999, kama ilivyoandikwa mwanzo, ilisema asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji; kama imerekebishwa, mwanasheria atakueleza. Shamba la parachichi ulilolipanda kwa zamu za usiku linaingia kwenye swali hilo. Kwa hiyo kabla hujajaza fomu, mtafute mwanasheria wa ardhi Mbeya mjini, umpelekee hati zako zote, umlipe ada yake, na mjomba yule aliyeisoma karatasi ya mshahara awepo chumbani.